Namba ya Mlezi Mkuu

Nchi hiyo ipo, ila msijisumbue kuitafuta kwenye ramani, kwa sababu ramani zake zote zilirudishwa wizarani kufanyiwa marekebisho na hadi leo hazijatoka. Wenyeji wake ni watu wazuri, wanajua kupiga makofi, na serikali yao inawapenda kiasi kwamba haiwaachi peke yao hata dakika moja. Ninasimulia yaliyompata mmoja wao, Anselimu Ngonde, na ninasimulia bila nia mbaya. Msomaji akiona nchi hiyo inafanana na nyingine anayoifahamu, hayo ni macho yake mwenyewe, mimi asinihusishe.

Anselimu alikuwa mwandishi wa programu za kompyuta, mwanamume mwembamba wa miaka arobaini na minne, shati limechomekwa siku zote, mtu wa kupenda vitu vilivyonyooka. Akikaribishwa nyumbani kwa watu, kabla hajaketi atakuwa ameshanyoosha picha ukutani. Kwa miaka tisa alikuwa mlinzi wa programu iitwayo Kengele. Ilikuwa programu huria: imeandikwa na watu wa kujitolea, kila mtu aliruhusiwa kuisoma na kila mtu aliruhusiwa kuleta sahihisho. Sahihisho likija, Anselimu hulisoma. Likimridhisha hubonyeza kitufe, nalo huingia. Lisipomridhisha hulikataa na kutia jina lake. Yote hayo, yaliyokubaliwa na yaliyokataliwa, yaliandikwa kwenye kumbukumbu ya wazi ambayo mtu yeyote angeweza kuifungua.

Kazi ya Kengele ilikuwa moja tu. Chini ya daraja la Mto Lunyezi palifungwa kipimo kilichotuma kina cha maji kila baada ya dakika tano. Kengele ililinganisha kina hicho na namba moja iliyoandikwa ndani yake. Maji yakiifikia namba hiyo, ving'ora vinalia mji mzima wa Mabondeni, na watu elfu sita wanabeba watoto wao na kupanda kilimani. Namba yenyewe iliitwa KINA_CHA_HATARI, nayo ilikuwa 420, yaani sentimita mia nne na ishirini.

Namba za namna hiyo, ambazo programu ikiwa kazini hairuhusiwi kuzibadilisha, waandishi huziita thabiti. Anselimu alikuwa na sheria juu ya thabiti. Jina la thabiti liandikwe kwa herufi kubwa tupu, na maneno yake yaunganishwe kwa kistari cha chini. Sheria hiyo aliieleza katika Mwongozo wa Majina, kurasa arobaini na moja, aliouandika mwenyewe kwa likizo mbili mfululizo. Niseme ukweli, sheria haikuwa mbaya. Msomaji akikutana na herufi kubwa alijua kwamba hapo pasiguswe ovyo. Shida ni kwamba Anselimu aliipenda sheria ile kupita kiasi, na mtu akipenda kitu hivyo huwa haoni kilicho pembeni yake.

*

Kule Mabondeni alikuwepo mwanamke anaitwa Tarsila Mkwaya, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, ambaye alipewa kazi ya kukitunza kipimo. Kukitunza maana yake ni kukitoa majani na mifuko ya plastiki. Kukifungua hakuruhusiwa, kwa kuwa kilipigwa lakiri ya wizara. Lakini hakuna aliyemkataza kuchomeka mwanzi mtoni, kwa hiyo kila mwezi alichomeka mwanzi, akapima. Akagundua kwamba sakafu ya mto inapanda. Mlimani kulikuwa na machimbo ya kokoto ya shemeji wa mtu ambaye sitamtaja, na mchanga wake wote ulikuwa unashuka na kulala chini ya daraja. Mto uliokuwa ukifurika kwa kina cha mia nne na thelathini sasa ungefurika kwa mia tatu na ishirini. Ving'ora vingesubiri mia nne na ishirini, na kufikia hapo Mabondeni ingekuwa chini ya maji.

Tarsila alijifunza mwenyewe jinsi ya kuleta sahihisho. Akaufuta mstari wa zamani, akaandika wake, akautuma, kisha akapiga simu.

"Dada Tarsila, nimepokea," alisema Anselimu. "Namba sina neno nayo. Jina ndilo tatizo. Umeandika herufi ndogo."

"Lakini namba umeiona, kaka? Mia tatu na kumi. Mto umejaa mchanga huku."

"Nimeiona. Andika jina upya, kisha ulete tena."

"Si ungerekebisha tu hapo hapo? Wewe ndiye fundi."

"Nikikurekebishia wewe leo, kesho kila mtu ataandika anavyojisikia. Soma Mwongozo, ukurasa wa sita."

Akalikataa, akatia jina lake. Tarsila akasoma ukurasa wa sita, akaleta tena, herufi kubwa lakini bila vistari. Anselimu akalikataa la pili, na siku hiyo alirudi nyumbani amefurahi, kwa sababu aliona mama wa watu anajifunza.

*

Sasa, katika nchi hiyo kulikuwa na Mamlaka ya Visivyobadilika. Iliundwa ili kulinda vitu vyote ambavyo havibadiliki: mipaka, wimbo wa taifa, na Mlezi Mkuu, ambaye alikuwa na miaka thelathini na mmoja madarakani na kila mwaka picha yake ilizidi kuwa kijana. Mamlaka ilikuwa na maofisa mia tatu na vitu vitatu vya kulinda, kwa hiyo ilikuwa na njaa ya kazi. Siku ofisa mmoja alipopata habari kwamba kuna programu ambayo ndani yake mna visivyobadilika mia mbili na saba, Anselimu aliitwa.

Mkurugenzi Mkuu alikuwa Dokta Hilarioni Pazi, mtu mnene mwenye sauti laini kabisa. Hakuwahi kumfokea mtu. Waliowahi kuitwa kwake walisema afadhali angefoka.

"Bwana Ngonde," alianza, "Mamlaka imepata taarifa, ikashtuka, na baada ya kushtuka ikaunda kamati. Nani alitoa kibali kwamba namba hizi zisibadilike?"

"Ni waandishi tu, mheshimiwa. Watu wa kujitolea."

"Watu wa kujitolea." Dokta Pazi akamtazama karani, karani akaandika. "Na hao wanaojitolea, wanajitolea kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili ya watu, mheshimiwa. Mafuriko yakija..."

"Watu wepi? Maana watu wana mwenyewe." Akanywa maji kidogo. "Yaani kokote aliko, mtu asiyejulikana, pengine hana hata kitambulisho, anakaa kitako na kuamua kitu gani katika jamhuri hii hakitabadilika. Mimi hapa nalindwa na askari wawili na bado sithubutu kuamua jambo kama hilo. Nadhani programu hii tuifunge."

Anselimu alifikiria miaka yake tisa, ving'ora vimenyamaza na wale watu elfu sita. Hapo akasema neno ambalo hakuna aliyemwomba aliseme.

"Mheshimiwa, kwa nini tusiweke jina la Mlezi Mkuu mbele ya kila thabiti? Iwe kanuni ya majina. Mtu akifungua programu, kila kisichobadilika akikute kina jina lake."

Dokta Pazi akaanza kupiga makofi taratibu, na wote chumbani wakapiga, hata karani aliweka kalamu chini ili apige.

*

Kazi ya kubadilisha majina ilimchukua Anselimu wiki mbili, na nasikitika kusema kwamba aliifurahia. KINA_CHA_HATARI ikawa MLEZI_MKUU_KINA_CHA_HATARI. Dakika za kusubiri zikawa za Mlezi Mkuu, urefu wa mlio wa king'ora ukawa wa Mlezi Mkuu. Palikuwa na thabiti moja iliyohesabu makosa yanayovumilika kabla programu haijajizima. Ilipobatizwa MLEZI_MKUU_IDADI_YA_MAKOSA, kamati ilikaa siku tatu, kisha ikaagiza ifutwe na isitajwe tena.

Mchangiaji mmoja, kijana mcheshi wa mji mwingine anaitwa Yusto, aliuliza kwenye uwanja wa majadiliano kama kweli dakika tano haziwezi kuwa dakika tano bila jina la mtu. Wenzake waliweka vicheko chini ya swali lake. Baada ya siku mbili swali likawa halipo, na baada ya wiki vicheko navyo vikafutwa na walioviweka. Mkewe Yusto alimpigia Anselimu kuuliza kama amemwona. Anselimu alimjibu kwamba hajamwona, na kuanzia hapo alianza kuuangalia mlango kila gari liliposimama nje.

Katikati ya mambo hayo Tarsila alileta sahihisho lake la tatu, limenyooka, herufi kubwa na vistari vyote. Likakataliwa kwa sababu halikuwa na jina la Mlezi Mkuu. La nne lilikuwa nalo, lakini wakati huo Mamlaka ilikuwa imetoa waraka kwamba jina hilo lazima litanguliwe na mstari mzima wa salamu, na salamu hakuziweka. La tano lilikuwa na salamu. Anselimu alilisoma mara tatu, hakuona kosa, akanyoosha kidole kubonyeza. Simu ikalia.

"Bwana Ngonde," ilisema ile sauti laini, "naona hapa kuna mtu anataka kuigusa namba ya Mlezi Mkuu."

"Ni sahihisho la kawaida, mheshimiwa. Mchanga umejaa mtoni. Namba ishuke hadi mia tatu na kumi."

"Ishuke?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Unaniambia Mlezi Mkuu ashushwe."

"Hapana! Namba tu..."

"Namba ina jina lake. Wewe ndiye uliyelipendekeza, nasi tulipiga makofi. Ukiniambia namba imekosea, nani amekosea? Kama ni mto umepotoka, Mamlaka itazungumza na mto. Kataa hilo, bwana. Na akileta jingine, kataa pia."

Hapo ndipo Anselimu alipoelewa alichokifanya. Namba iliyokuwa ya mtu yeyote, ambayo mwalimu mstaafu angeweza kuirekebisha akiwa jikoni kwake, yeye ameipa mwenyewe, na mwenyewe hakosei. Alilikataa la tano. Wiki iliyofuata alilikataa la sita, akatia jina lake, kisha akaenda chooni kunawa uso.

*

Mamlaka haikusema uongo, ilizungumza na mto. Ujumbe wa watu kumi na wanne ulifika Mabondeni na magari saba, ukasimama darajani, na Dokta Pazi akasoma waraka ambao nakala yake ilipigiliwa kwenye nguzo. Ulisema: "Mamlaka inaukumbusha Mto Lunyezi kwamba kina chake halali cha hatari kilikwisha kuwekwa, na kwamba kufurika chini ya kina hicho kutahesabiwa kuwa ni ukaidi." Watu wa Mabondeni walipiga makofi. Tarsila alikuwa miongoni mwao na alipiga pia, kwa kuwa palikuwa na vijana waliokuwa wakizunguka na kuangalia mikono ya watu.

Mvua zilianza mlimani wiki tatu baadaye. Siku ya nne ya mvua, saa tisa alasiri, Tarsila akapiga simu akiwa darajani.

"Kaka Anselimu, unaona huko kwako?"

"Naona." Kioo cha kompyuta kilikuwa kinasema 288.

"Mimi naona kwa macho. Maji yamebadilika rangi. Soko limejaa, leo ni siku ya gulio, watu wamekaa chini na nyanya zao. Nimewaambia waondoke, wananiuliza mbona king'ora hakijalia. Wanaamini kile king'ora, kaka. Ni sisi tuliowafundisha wakiamini."

Kioo kikasema 296.

"Dada, nimekatazwa."

"Najua umekatazwa. Na mimi nimekatazwa kusimama hapa."

Anselimu aliogopa. Nalisema wazi kwa sababu baadaye wengine walisema alikuwa jasiri wa kuzaliwa, na si kweli. Alimkumbuka mkewe Yusto kwenye simu. Kioo kikasema 305. Akaifungua programu, akafuta 420, akaandika 310. Penye sehemu ya kueleza sababu ya badiliko akaandika: Mchanga umejaa. Dada Tarsila alisema mapema, mimi nikakataa. Akatia jina lake kamili na kubonyeza.

Dakika tano baadaye kipimo kilituma 311. Alivisikia ving'ora kwenye simu ya Tarsila, vyote kwa pamoja, na chini yake akasikia watu wanaitana majina.

*

Mabondeni ilizama hadi madirishani. Walipotea mbuzi watatu, gulio zima la nyanya, na kabati la mafaili la ofisi ya kata. Hakuna mtu aliyekufa, hata mmoja. Watu elfu sita walikaa kilimani chini ya maturubai wakihesabiana, na hesabu ikatimia.

Anselimu alichukuliwa kesho yake asubuhi na watu wawili wenye adabu, waliomruhusu amalize chai.

Sasa angalieni hekima ya serikali ile. Watu elfu sita walikuwa hai na walikuwa wanasema hadharani kwamba namba sahihi ni mia tatu na kumi. Mamlaka ilikaa siku moja na kugundua kwamba namba ya Mlezi Mkuu ilikuwa mia tatu na kumi tangu siku ya kwanza. Kumbukumbu ya programu ikasafishwa ili ilingane na ugunduzi huo. Mstari wa 310 ukaonekana uliingizwa miaka tisa nyuma kwa maono ya Mlezi Mkuu mwenyewe. Mstari wa 420 ukaonekana uliingizwa baadaye, kwa siri, na Anselimu Ngonde. Nakala za programu zilikuwa kwenye kompyuta za wachangiaji mia mbili hivi, na katika hizo ukweli ulikuwa bado umelala. Hao mia mbili walizifuta wenyewe kabla hata hawajaombwa.

Kesi ilisikilizwa kwenye ukumbi wenye viti vipya. Mashtaka yalikuwa kubadilisha kisichobadilika kwa nia ya kuangamiza mji. Anselimu alidhani atajitetea, mpaka alipoona Tarsila anaitwa kizimbani, amevaa gauni la kanisani, na wakili wa serikali ameshika karatasi sita.

"Mama, ulileta namba mia tatu na kumi mara ngapi?"

"Mara sita."

"Nani aliikataa?"

Tarsila alimtazama Anselimu. "Yeye."

"Mara ngapi?"

"Zote sita. Lakini siku ya mvua..."

"Hujaulizwa siku ya mvua, mama. Hii sahihi ni yake?"

"Ni yake."

Karatasi zile hazikughushiwa. Katika mahakama nzima, kati ya mihuri na viapo na hotuba zote za siku ile, hizo zilikuwa ndizo kitu pekee cha kweli. Hakimu akamuuliza mshtakiwa kama alizikataa kweli, na Anselimu, ambaye hakuwahi kuvumilia mstari uliopinda, akasema ndiyo, alizikataa. Akapewa miaka kumi na sita. Ukumbi ukapiga makofi, na wengi waliopiga walikuwa wa Mabondeni, walioletwa kwa mabasi.

*

Walimpitisha kwenye korido ya nyuma, na Tarsila alikuwa amesimama pale akisubiri kurudishiwa kitambulisho. Askari alikuwa mtu wa Mabondeni. Akakumbuka kwamba kamba ya kiatu chake imelegea, akainama kuifunga, akakawia.

"Nisamehe, kaka," alisema Tarsila. "Waliniambia nijibu ninachoulizwa tu."

"Ulijibu sawasawa. Nilizikataa. Imebaki ngapi sasa? Namba."

"Mia tatu na kumi. Wameichonga kwenye jiwe pale darajani. Wamesema haitaguswa milele, na wewe umekuwa mfano."

"Basi watu watapona. Hilo tu nilikuwa nataka."

Tarsila alichungulia nyuma yake, kisha akasogea karibu zaidi.

"Jana nilichomeka mwanzi," alisema. "Mafuriko yameshusha mchanga mwingine, mwingi kuliko wa miaka yote. Sasa namba inayofaa ni mia mbili na sabini. Mvua za vuli zimebaki wiki tano."

Anselimu alifungua mdomo amtajie mtu wa kumpelekea sahihisho. Alipitisha majina kichwani, moja baada ya jingine, yale aliyoyajua kwa miaka tisa.

"Sahihisho nimeshaliandika," alisema Tarsila. "Sijui nimtumie nani."

Askari akasimama, kamba imeshafungwa, akamwambia Anselimu kwa upole kwamba gari linasubiri.